Sheria ya Muda Hufa Lini? Nyongeza na Mwisho wa Mamlaka ya Dharura Wakati wa Janga

"Si walisema ni ya muda tu?" Katika miaka ya Covid-19 swali hili liliulizwa karibu kila mahali, na mara nyingi jibu lililotolewa halikumridhisha aliyeuliza. Yeye alikuwa akiona kitu kimoja: kafyu, barakoa, shule iliyofungwa. Nyuma ya kitu hicho kulikuwa na maandishi ya kisheria yaliyopandana kama matofali, na kila tofali lilikuwa na tarehe yake ya mwisho. La juu laweza kuondolewa leo, la chini likabaki pale pale kwa miaka.

Tofali la chini kabisa ni sheria mama, ile iliyopitishwa na bunge, inayoipa serikali mamlaka ya kufanya mambo ambayo siku za kawaida hairuhusiwi kuyafanya. Juu yake kuna tangazo, yaani tamko rasmi kwamba hali ya dharura ipo kuanzia saa fulani. Juu ya tangazo ndipo zinapokaa kanuni na amri, na hizi ndizo zinazomgusa mtu moja kwa moja: usitoke baada ya saa fulani, msikusanyike zaidi ya watu kadhaa, mwenye nyumba usimtoe mpangaji. Waziri akisema "tumeondoa masharti", karibu kila mara anazungumzia tofali la juu tu. Mamlaka yenyewe bado ipo, na jioni hiyo hiyo anaweza kuandika amri nyingine.

Kuyachanganya matofali haya si kosa la mwananchi peke yake. Uingereza ilipitisha Sheria ya Virusi vya Korona ya 2020 kwa haraka kubwa: muswada uliletwa bungeni tarehe 19 Machi na tarehe 25 Machi ukawa sheria. Kwa miaka miwili iliyofuata watu wengi waliamini kwamba kufungiwa nyumbani kulitokana na sheria hiyo, na waliotaka kufungiwa kuishe walipiga kelele ifutwe. Kumbe kanuni za kuwafungia watu nyumbani huko England zilitungwa chini ya sheria nyingine kabisa, ya mwaka 1984, inayohusu udhibiti wa magonjwa. Hata waliotakiwa kuzijua sheria hizi walipotea njia. Mei 2020 ofisi ya waendesha mashtaka ya England na Wales ilipitia mashtaka 44 yaliyofunguliwa chini ya sheria ile mpya, ikakuta kwamba yote 44 hayakustahili kufunguliwa chini yake. Kila mashtaka kati ya hayo yalikuwa na mtu nyuma yake, aliyesimamishwa mbele ya sheria kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nimelianzia hapa kwa sababu hiyo: usipojua ni sheria ipi iliyokushika, hutajua itakuachia lini.

Tarehe iliyoandikwa na mtu anayepaswa kuamka

Sheria nyingi za dharura huwa na kifungu cha kikomo, yaani kifungu kinachosema kwamba siku fulani ikifika, sheria au sehemu yake inakoma yenyewe bila mtu kuifuta. Ile ya Uingereza ilipewa miaka miwili. Ile ya New Zealand, iliyopitishwa tarehe 13 Mei 2020, ilipewa miaka miwili pia, lakini na sharti kali ndani yake: kila siku 90 bunge lilitakiwa kupitisha azimio la kuiendeleza, la sivyo ingekufa hapo hapo.

Watu huitazama tarehe. Mimi nadhani tarehe ni nusu tu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Nusu kubwa ni hii: siku hiyo ikifika, ni nani anayelazimika kuinuka kitini ili jambo fulani litokee? Kama sheria inakufa mpaka bunge liinuke na kuiokoa, basi uvivu, mgawanyiko na uchovu wa wabunge vinafanya kazi upande wa uhuru wa raia. Kama sheria inaendelea mpaka bunge liinuke na kuiua, uvivu ule ule unaitumikia serikali. Sheria mbili zinaweza kubeba tarehe moja zikawa na tabia zilizopishana kabisa.

Marekani inaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1976 Bunge lake lilipitisha sheria ya dharura za kitaifa ili kudhibiti matangazo yaliyokuwa yakining'inia bila mwisho. Mpango wa awali ulikuwa kwamba bunge laweza kuifuta dharura kwa azimio lake lenyewe, bila saini ya rais. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika shauri lililohusu mambo ya uhamiaji, ilisema maazimio ya namna hiyo yanakiuka katiba. Tangu hapo, ili bunge limalize dharura ambayo rais anaitaka, linahitaji theluthi mbili za kura katika kila baraza kuishinda kura yake ya turufu. Rais kwa upande wake anahitaji kusaini karatasi moja kwa mwaka ili iendelee. Dharura iliyotangazwa tarehe 14 Novemba 1979 kuhusu Iran imekuwa ikihuishwa mwaka baada ya mwaka, imepita mikononi mwa marais wa vyama vyote viwili, na watu waliozaliwa siku ilipotangazwa sasa wana watoto watu wazima. Dharura ya kitaifa ya Covid-19 ilikwisha tarehe 10 Aprili 2023, siku rais aliposaini azimio la bunge. Asingesaini, hadithi ingekuwa nyingine.

Upande wa pili yupo gavana wa jimbo la Wisconsin. Sheria ya jimbo ilisema tangazo lake la dharura haliwezi kuzidi siku 60 mpaka bunge la jimbo liliongezee muda. Bunge lile lilitawaliwa na chama pinzani, halikuongeza kitu. Gavana akawa anaacha tangazo life, kisha anatoa jipya lenye maelezo mapya kuhusu hali ya ugonjwa. Februari 2021 bunge lilifuta moja, na siku hiyo hiyo akatoa lingine. Tarehe 31 Machi 2021 mahakama ya juu ya jimbo, kwa kura nne dhidi ya tatu, iliamua kwamba ugonjwa ule ule hauwezi kuzaa siku 60 mpya kila mara kwa kubadilishiwa tangazo tu. Lakini wale majaji watatu waliopinga hawakuwa watu wa kubezwa. Kwao, kila wimbi la maambukizi lilikuwa hatari mpya. Na kweli kabisa, virusi havikuwa na habari na kalenda ya mtu yeyote.

Hapo ndipo penye ugumu wa dharura ya ugonjwa ukiilinganisha na ya mafuriko au tetemeko la ardhi. Maji hupungua, na kila mtu huona yamepungua. Janga la maambukizi halitoi siku ya kumalizika. Linashuka, linapanda, linabadilika sura, na anayetaka kuongeza muda daima atapata takwimu ya kumuunga mkono, sawa na anayetaka kuukatisha.

Mlango mwembamba na mlango mpana

Katiba nyingi zimeweka ngazi inayozidi kuwa ngumu kadiri dharura inavyozidi kukaa. Kenya, kwa kifungu cha 58 cha Katiba yake, huipa hali ya hatari siku 14 tu. Ili iendelee, Bunge la Taifa linahitaji kura za theluthi mbili, na si kwa zaidi ya miezi miwili. Likitaka kuongeza tena, linahitaji robo tatu. Afrika Kusini inatoa siku 21, kisha nyongeza ya kwanza kwa wingi wa kura, na zinazofuata kwa asilimia 60. Fikra iliyo nyuma yake inatokana na mazoea ya binadamu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: dharura iliyokaa muda mrefu ni lazima ijieleze zaidi ya ile iliyofika jana.

Tatizo ni kwamba ngazi hizi hazikukanyagwa. Kenya haikutangaza hali ya hatari kwa ajili ya Covid-19. Kafyu ya usiku iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 iliwekwa chini ya sheria ya kawaida ya usalama wa umma, ikaendelea kuongezwa hadi ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Zile siku 14 za Katiba hazikuhusika nayo. Afrika Kusini nayo ilitangaza "hali ya maafa" tarehe 15 Machi 2020 kwa sheria ya 2002 ya kusimamia maafa. Sheria hiyo inasema hali ya maafa hukoma baada ya miezi mitatu, lakini waziri anaweza kuiongeza mwezi mmoja mmoja kwa kuchapisha notisi katika gazeti la serikali. Hakuna kura. Notisi baada ya notisi, mwezi baada ya mwezi, hali ile ilidumu hadi mapema Aprili 2022, zaidi ya miaka miwili, katika nchi ambayo katiba yake ingeihitaji asilimia 60 ya wabunge kama mlango uliotumika ungekuwa ule mwingine.

Haki isemwe: walioipendelea njia hii walikuwa na hoja nzito. Hali ya hatari ya kikatiba inafungua uwezo wa kusimamisha haki za msingi, na mwanasheria mwenye busara angependa isifunguliwe kama sheria ya kawaida inatosha. Mahakama zinabaki zikifanya kazi, haki zinabaki kwenye katiba, na anayeonewa anaweza kushtaki kwa njia ya kawaida. Ninaikubali hoja hiyo. Ninachokikataa ni hitimisho kwamba kwa kuwa mlango uliotumika ni mpana basi hakuna haja ya kalenda. Kama kila dharura kubwa itapitia sheria ya kawaida, basi ulinzi wa muda uliowekwa kwenye katiba umebaki pambo, na ulinzi huo unapaswa kuhamia kule ambako mambo yanafanyika.

Hispania iliupita mlango mwembamba, ikajikwaa kwa namna nyingine. Katiba yake inaipa serikali siku 15 za "hali ya tahadhari", na baada ya hapo ni Baraza la Wawakilishi pekee linaloweza kuongeza. Kuanzia tarehe 14 Machi 2020 liliongeza mara sita, kila mara kwa mjadala mkali, mpaka tarehe 21 Juni. Mjadala ulichosha. Dharura ya pili ya nchi nzima ilipotangazwa Oktoba 2020, baraza liliongeza kwa mkupuo mmoja wa miezi sita, hadi tarehe 9 Mei 2021. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2021, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba nyongeza ile ya miezi sita ilikiuka katiba. Kiini cha uamuzi kilikuwa kwamba wawakilishi walijiondolea wenyewe kazi ya kuipima serikali kila baada ya muda. Yaani kasoro iliangukia kwenye ukaguzi uliokosekana kati ya siku ya kwanza na ya mwisho, ingawa kura halali ilikuwa imepigwa.

Kuna nchi iliyoanza bila tarehe kabisa. Tarehe 30 Machi 2020 Bunge la Hungaria liliiruhusu serikali kutawala kwa amri bila kuweka siku ya mwisho. Baada ya malalamiko ndani na nje, sheria ile ilifutwa Juni mwaka huo huo. Hali ya hatari ilirudi Novemba 2020, na Mei 2022 katiba ilibadilishwa ili vita katika nchi jirani iwe sababu mpya ya kutangaza hali hiyo. Ya ugonjwa ikaisha, ya vita ikachukua nafasi yake karibu bila pengo. Sababu hubadilika, na kiti cha anayetoa amri hukaa pale pale.

Jinsi muda unavyoongezwa bila kuonekana

Nyongeza inayotangazwa na kupigiwa kura angalau inaonekana. Zipo njia nyingine zilizo tulivu zaidi, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazompita mtu wa kawaida.

Ya kwanza ni kuipigia kura furushi zima. Kila miezi sita wabunge wa Uingereza waliulizwa swali moja kuhusu vifungu vya muda vya sheria ya korona: je, visikome bado? Ndani ya furushi lile kulikuwa na malipo ya wagonjwa, usajili wa vifo, kesi kwa njia ya video, na mamlaka ya kumshikilia mtu anayeshukiwa kuambukizwa. Mbunge aliyetaka kuondoa kimoja na kuacha vingine hakuwa na njia ndani ya kura hiyo. Akikataa, anaonekana anawanyima wagonjwa malipo. Tarehe 30 Septemba 2020 kura zilikuwa 330 dhidi ya 24. Oktoba 2021 hawakuhesabu kura kabisa, hoja ilipita kwa sauti.

Ya pili ni kuhesabu siku kwa namna ya kipekee. Chini ya sheria ile ya 1984, waziri angeweza kutunga kanuni ya haraka ikaanza kutumika kabla bunge halijaiona, kwa sharti kwamba ingekufa baada ya siku 28 kama mabaraza yote mawili hayataiidhinisha. Siku 28 zinasikika chache. Ila siku za likizo ya bunge hazikuhesabiwa, na mara kadhaa kanuni ilishabadilishwa au kufutwa na nyingine kabla zamu yake ya kujadiliwa haijafika. Wabunge walijikuta wakijadili maandishi yaliyokwisha kuwa historia, huku yaliyokuwa yakitumika nje ya jengo lao yakisubiri foleni.

Ya tatu ni kubadilisha jina. Ufaransa ilitunga "hali ya dharura ya kiafya" Machi 2020. Ilitumika hadi Julai, ikarudi Oktoba, ikaisha tarehe 1 Juni 2021. Siku iliyofuata ulianza "utaratibu wa kutoka kwenye dharura". Mtu akisikia neno kutoka anafikiria wiki chache. Utaratibu huo uliongezwa hadi tarehe 31 Julai 2022, miezi 14, muda mrefu kuliko vipindi vyote viwili vya dharura vikijumlishwa. Tena ni ndani ya kipindi hicho cha kutoka ndipo cheti cha afya kilipotakiwa mikahawani na kwenye treni za mbali, na baadaye, Januari 2022, cheti cha chanjo. Mtu anaweza kuviunga mkono vyeti hivyo na bado akakubali kwamba jina lilikuwa linaficha uzito wa kilichomo.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote: kilichokuwa cha muda kuhamishiwa kimya kimya kwenye sheria za kudumu. Ufaransa hiyo hiyo ilikuwa na dharura iliyotangazwa Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris. Ilidumu hadi tarehe 1 Novemba 2017, na siku inaisha sheria nyingine ilikuwa tayari, imebeba baadhi ya mamlaka zake. Nayo ilikuwa na kikomo cha mwisho wa 2020. Kikomo kikasogezwa hadi Julai 2021, na kabla siku haijafika bunge likavifanya vifungu hivyo kuwa vya kudumu. Uingereza ilipitia njia kama hiyo kwa sheria ya kuzuia ugaidi ya 1974, iliyobeba maneno "vifungu vya muda" kwenye jina lake. Ilihuishwa na kutungwa upya kwa robo karne, mpaka sheria ya kudumu ilipoirithi mwaka 2000. Na kodi ya mapato ya nchi hiyo iliporudishwa mwaka 1842 iliahidiwa kuwa ya miaka mitatu. Hata leo kisheria ni kodi ya mwaka mmoja, na kila mwaka bunge huitoza upya.

Mfano wa kodi ndio unaonifanya nisikubaliane na wanaosema kwamba kila cha muda kikidumu ni hila. Kusikiliza kesi kwa video, kumwona daktari kwa simu, kutia saini kwa njia ya kielektroniki: mengi ya haya yalianza kama dharura na watu wakayapenda kwa sababu nzuri. Shida inakuja yanapohamia kwenye sheria ya kudumu bila kujadiliwa kama ya kudumu. Kinachohalalisha kitu kwa miezi mitatu ya hofu, huku watu wanakufa na dawa hakuna, hakitoshi kukihalalisha kwa miaka 30.

Yupo pia mfano ambao hauhusu ugonjwa na hauwezi kuachwa. Sheria ya Machi 1933 iliyompa Hitler na baraza lake uwezo wa kutunga sheria bila bunge ilikuwa na kifungu cha kikomo: miaka minne. Iliongezwa 1937, 1939 na 1943. Kikomo kilifanya kila kilichoandikiwa, ila hakukuwa tena na bunge lenye uhai la kuulizwa.

Asubuhi ya siku ya pili

Sasa tuseme siku imefika na sheria imekufa kweli. Nini kinatokea kwa aliyevunja katazo wiki moja kabla?

Hapa wengi hukosea. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, kanuni ya zamani ya mahakama ilikuwa kwamba sheria ya muda ikifa, kwa kawaida mashtaka yaliyokuwa hayajaamuliwa hufa nayo, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Siku hizi huwa kuna kifungu cha akiba kinachoyaokoa. Nchini Uingereza, sheria ya tafsiri ya 1978 inasema kukoma kwa sheria ya muda kuchukuliwe sawasawa na kufutwa kwake: yaliyofanyika yamefanyika, faini iliyokwisha kutozwa inadaiwa, kosa lililotendwa laweza kushtakiwa. Kwa hiyo anayejificha akisubiri tarehe ipite hapati nafuu yoyote. Kinachoweza kumwokoa ni mahakama kukuta kwamba amri haikuwa halali tangu mwanzo, au kwamba hati ya faini iliandikwa vibaya. Hili la mwisho lilitokea katika jimbo la New South Wales, Australia: Novemba 2022, wakati kesi ya faini hizo ikisikilizwa, serikali ilikubali kwamba hati hazikueleza kosa kwa ukamilifu, na faini zaidi ya 33,000 za Covid-19 zikaondolewa.

Upande wa pili wapo ambao sheria ya dharura iliwalinda, na kifo chake kinawaacha wazi. Ninaona wanasahaulika sana katika mabishano haya, kwa sababu sauti kubwa huwa ni za wanaotaka masharti yaondoke. Nchini Marekani amri ya afya ya kuwazuia wenye nyumba kuwatoa wapangaji ilianza tarehe 4 Septemba 2020. Ilitakiwa kuisha Desemba. Bunge liliisogeza hadi mwisho wa Januari, kisha taasisi ya kudhibiti magonjwa ikaisogeza yenyewe hadi Machi, hadi Juni, hadi Julai. Ikafa tarehe 31 Julai 2021, siku tatu baadaye ikaandikwa nyingine inayofanana nayo, na tarehe 26 Agosti Mahakama ya Juu ikaizuia, ikisema kama zuio la namna hiyo litaendelea basi ni bunge la kuliruhusu. Mwaka mzima mpangaji mwenye madeni aliishi akihesabu wiki, na mwenye nyumba mwenye mkopo wa benki aliishi akihesabu wiki zile zile. Nyongeza fupi fupi za dakika za mwisho zina gharama yake hata kwa anayefaidika nazo: huwezi kupanga maisha juu ya kitu kinachokufa na kufufuka kila mwisho wa mwezi.

Bima ya afya ya Marekani kwa watu wa kipato kidogo ilipata mwisho wa namna nyingine. Wakati wa dharura majimbo yalibanwa yasimwondoe mtu aliyeandikishwa. Bunge liliamua ulinzi huo ukome tarehe 31 Machi 2023, likatoa taarifa mapema na kuyapa majimbo zaidi ya mwaka kupitia majina. Hata hivyo zaidi ya watu milioni 20 waliondolewa, wengi wao kwa sababu za makaratasi: fomu haikurudishwa, barua ilikwenda anwani ya zamani. Wengi hao hakuna aliyekuwa amepima kama wanastahili au hawastahili.

Mfano ninaouheshimu ni wa India, na unahusu kitu kinachoonekana kikavu: muda wa mwisho wa kufungua mashauri. Kila haki ya kwenda mahakamani ina siku ya mwisho, na Machi 2020 watu hawakuweza kufika mahakamani. Mahakama ya Juu ilisimamisha kuhesabu siku kuanzia tarehe 15 Machi 2020. Ilijaribu kuumaliza utaratibu huo, mawimbi mapya yakaurudisha, na Januari 2022 ikaandika mwisho kwa uangalifu: kipindi chote hadi tarehe 28 Februari 2022 kisihesabiwe, na ambaye muda wake uliishia humo ndani apate siku 90 kuanzia tarehe 1 Machi. Zile siku 90 ndizo zilizotofautisha mwisho huu na mingine. Mahakama ilifikiria mtu anayeamka asubuhi ya siku ya pili, akampa nafasi ya kusimama.

Sheria iliyoandikwa katikati ya janga

Jimbo la Victoria, Australia, lilipitia karibu kila hatua niliyoieleza. Sheria yake ya afya ya 2008 iliruhusu dharura ya wiki nne nne, isizidi miezi sita kwa jumla. Ilitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Miezi sita ilipokaribia, serikali ilitaka mwaka mmoja zaidi, na Septemba baraza la juu likaridhia miezi sita kwa kura 20 dhidi ya 19. Machi 2021 ikaongezwa tena hadi tarehe 15 Desemba. Badala ya kuongeza mara ya tatu, jimbo lilitunga sheria mpya ya majanga, iliyopita mwezi huo huo baada ya maandamano makubwa mitaani.

Sheria hiyo mpya iliondoa ukomo wa jumla. Tangazo la janga linaweza kuongezwa miezi mitatu mitatu bila mwisho uliowekwa, na hilo ndilo lililowakasirisha wapinzani, kwa haki kabisa. Lakini ilihamisha saini. Kabla yake amri zilitolewa na ofisa wa afya, ambaye hakuna mpiga kura anayeweza kumwondoa. Sasa tangazo ni la kiongozi wa serikali ya jimbo, amri ni za waziri, na waziri anatakiwa kuuchapisha ushauri wa kitabibu aliopewa pamoja na maelezo ya jinsi kila amri inavyogusa haki za watu. Tangazo la mwisho chini yake lilimalizika usiku wa tarehe 12 Oktoba 2022. Ushauri ule umechapishwa, na anayetaka kujua kwa nini jirani yake alifungiwa nyumbani wiki fulani anaweza kuufungua, akasoma ni nini waziri aliambiwa siku ile, kisha akalinganisha na alichoamua.